Yahusu Mama Mkwe na Samaki Wangu Watatu

Kolwezi, Jumamosi mchana

Kwa Tata Mkwe Banza,
Nyumba ya mabati mekundu, nyuma ya stesheni,
Kasaji.

Tata Mkwe ninayekuheshimu hata usiponiona,

Naanza kwa kukuuliza hali ya kifua chako, hali ya mihogo na hali ya paa. Sisi hapa Kolwezi hatujambo. Micheline, binti yako, hajambo. Mignonne, mjukuu wako, ameng'oka meno ya mbele na anamwonyesha pengo kila anayepita. Mama Ernestine, mke wako, hajambo kutupita sisi sote, na hapo ndipo barua yangu inapoanzia.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu, Tata, inataka mtu aseme kwa sauti, na ndani ya nyumba hii hakuna kona ambayo Mama haisikii. Alikuja kwetu akiumwa goti. Masikio hayajawahi kumuuma. Kwa hiyo naandika, tena kwa Kiswahili cha shule, ili jambo hili lisije likaonekana ni ugomvi. Si ugomvi. Ni malalamiko ya mtu mzima, karani wa stoo, anayejua kwamba neno lisilo na namba pembeni halisomwi. Barua ataileta Samy, dereva wa lori la chumvi na sabuni, anayepita Kasaji kila wiki.

Kwanza nikueleze mali yangu, maana tangi langu la samaki unalijua kwa kusikia tu. Ni tangi la kioo, refu kuliko kitanda, nimelikalisha kwenye ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, pale ambapo zamani palikuwa na dirisha la kupitishia sahani. Dirisha nililipanua mwenyewe kwa nyundo, na Micheline hakunisemesha wiki nzima. Faida yake ni kwamba samaki wanaonekana pande zote mbili. Hasara yake utaiona mbele.

Humo nafuga samaki watatu wakubwa wa ukoo wa tilapia, wale wanaoitwa sichlidi. Wa kwanza ni Kapita. Katoka Ziwa Tanganyika, ana nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi ubavuni, na anatembea kama msimamizi wa kazi aliyechelewa kulipwa. Wa pili ni Pasta, tilapia mweusi wa ziwa la Nzilo, ambaye nilimpokonya mvuvi akiwa hai, mafuta yakiwa tayari motoni. Wa tatu ni Mugeni, ambaye asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Huyo nilimnunua Lubumbashi kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba samaki ni mpole. Mama wa mtu yule simjui, lakini namhurumia.

Watu wote walinionya. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi niliweka watatu, kila mmoja na lugha yake. Ni kweli walipigana. Kapita huchimba mchanga kwa mdomo kama vijana wetu wanaochimba kobalti, na kama baadhi yao haulizi ardhi ni ya nani. Alichimba chini ya jiwe la Pasta mpaka jiwe likaanguka na Pasta akabaki bila makao. Mugeni naye alikuwa anauma mkia wowote uliopita. Nilihamisha mawe, nikaweka kioo cha kuwatenganisha, wakapigana kupitia kioo. Hata hivyo, Tata, vita ilikuwa yangu. Nilikuwa narudi kazini, navua viatu, nakaa mbele yao kwenye kiti changu, na kichwa kilichojaa kelele za malori kinatulia. Mimi sina pombe, sina mpira, sina nyumba ya pili. Nina samaki. Hilo nakuomba ulishike mpaka mwisho.

Basi baada ya Pasaka Mama akaja kutibiwa goti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema. Goti limepona. Daktari amesema limepona, na mimi mwenyewe nimemsikia Mama akipanda ngazi ya mlangoni bila kuguna. Jembe sijampa, wala sithubutu. Mvua mpya zimeanza na bado yupo. Na wewe unaijua buko yetu sisi watu wa kaskazini, ile heshima inayomkataza mkwe kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, kumtazama usoni au kusema naye moja kwa moja. Mimi ni mtu wa heshima. Heshima hiyo ndiyo inayoniua, kwa namna zifuatazo:

1. Sebule. Mama amechagua kukaa sebuleni, kwenye kiti changu, mbele ya tangi langu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka sala ya jioni. Akiwa ndani, mimi siingii. Mfuniko wa tangi unafunguka upande wa sebule tu, kwa hiyo siwezi hata kuwalisha. Na juu ya yote, kiti chenyewe anakilalamikia. Kila siku nasikia kwamba hakifanani na kiti chake cha mninga kilichobaki Kasaji. Ikiwa hakifanani, Tata, si anyanyuke?

2. Chakula. Samaki hawa wana chakula chao cha dukani, vidonge vya rangi nyekundu vinavyotoka mbali. Mama anawapa bukari, ugali wetu wa kila siku. Anafinyanga tonge dogo, analichovya kidogo kwenye mboga, analitupa majini kama anavyolisha kuku. Nilimtuma Mignonne amwambie kwamba samaki wa Tanganyika hali bukari. Mignonne akarudi na jibu la bibi yake: “Nkambo anasema, kama haili, mbona sahani iko mutupu?” Na ni kweli, haibaki hata punje.

3. Mawe. Nilikuwa nimepamba tangi kwa mawe ya kijani, mawe ya shaba, mazuri kabisa, ya hapa hapa kwetu. Hakuna nyumba ya Kolwezi isiyo na jiwe la kijani juu ya kabati. Mimi nikaona niyatie majini yang'ae. Wakati ule samaki walikuwa wanalala ubavu na kuhema, nikasema ni uchovu wa vita. Mama akahitaji kitu cha kuzuia mlango usigonge, akaingiza mkono, akayatoa mawe yote bila kuuliza. Moja linazuia mlango wa jikoni, moja la choo, lililobaki anagandamizia kabichi. Samaki wameacha kulala ubavu tangu wiki ile ile, lakini hiyo ni bahati tu na haiondoi kosa. Jirani yetu Kisimba, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, anasema shaba ndiyo ilikuwa inawaua. Kisimba husema mambo mengi.

4. Lugha. Kwa kuwa hatuwezi kusemezana, zamani tulipitia kwa Mignonne. Siku hizi Mignonne yuko shule asubuhi, na Mama amepata njia nyingine. Anasema na mimi kupitia samaki. Mimi nikiwa chumba cha kulia, nasikia upande wa pili: “Kapita, ambia ule mwenye nyumba, bukari iko tayari.” Au: “Pasta, weye mutu wa Mungu, uliza ule muntu, soksi yake itakaa pale kwa meza mpaka lini?” Mwanzoni niliendelea kula. Lakini mtu akiulizwa mara nyingi anajibu. Nikajikuta namwambia Mugeni kwamba soksi nitaitoa. Tata, mimi ni karani. Nina watu watano chini yangu. Nilimwomba samaki radhi.

5. Macho. Hili ni la sheria, na nakuomba uliamue kama mzee. Tangi lina vioo pande mbili. Mimi nikikaa chumba cha kulia kutazama samaki wangu, nyuma ya samaki kuna Mama. Anaonekana mkubwa kuliko alivyo, macho kama visosi, na Pasta anapita mbele ya pua yake. Je, kumwona mama mkwe kupitia maji ni kumwona? Nilimuuliza katekista wetu, akasema Kanisa halina neno juu ya hilo. Nikimwinamia kwa heshima, naye akiinama upande wake, samaki wanadhani ni chakula na wote wanakuja juu.

Najua utasema: kuna mbuzi. Mbuzi wa kuondoa haya, ambaye mkwe huwapelekea wazazi wa mke, akaliwa, na tangu siku hiyo mkwe na mama mkwe wakala meza moja kama watu wengine. Kila Noeli unanikumbusha kwa upole, na kila Noeli nasema mbuzi atakuja. Lakini tuseme ukweli, haya hiyo ndiyo ukuta pekee uliobaki ndani ya nyumba hii. Nikimtoa mbuzi, Mama atakuwa na haki ya kuniambia mambo uso kwa uso. Sasa hivi ananiambia kupitia samaki tu, na bado yananitosha.

6. Mahakama. Hili lilianza kama dogo. Kapita akimfukuza Pasta, Mama hugonga kioo kwa fimbo yake na kuwasemesha. Anawaambia habari za wakati mlipoishi kambi za reli, jinsi kambi moja ilivyokuwa na Mluba, Mlunda, Mchokwe na Mbemba, bomba moja la maji, na kila mtu alijua zamu yake. Sijui samaki wanaelewa nini, lakini Kapita ameacha kuchimba nje ya kona yake. Mugeni ameacha mikia. Habari zikaenea. Mama Glodie wa nyumba ya pili akaja kutazama, akamweleza Mama ugomvi wake na mke mwenza. Kesho yake akaja na mke mwenza mwenyewe. Sasa mtu anayegombania mpaka wa shamba, mtu aliyekimbiwa na mke, vijana wawili wanaogombania gunia la madini, wote wako sebuleni kwangu wakitazama samaki huku Mama akiwauliza maswali. Juzi nilikuta foleni mpaka kwenye lango, na mtu mmoja akaniambia nisubiri zamu yangu. Nilisubiri, Tata. Nyumba ni yangu na nilisubiri.

7. Kapita. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu linaniuma. Jumatano Mama alikuwa uani anaanika dagaa, nikapata nafasi. Niliingia sebuleni kwa vidole, nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua mfuniko na kuweka kidole majini kama zamani. Kapita alikuwa akija, zamani. Alikuwa anakuja na kukigusa kwa midomo. Jumatano alinitazama, akageuka, akaenda kusimama kwenye kona ya kioo inayotazama mlango wa uani. Pasta akamfuata. Mugeni naye, ambaye hakuwahi kumfuata mtu katika maisha yake, akamfuata. Wakakaa pale watatu bega kwa bega, wakimngoja. Niliona wivu, Tata Mkwe. Nina miaka arobaini na saba na niliona wivu juu ya samaki. Kapita nimemfuga tangu akiwa mdogo wa kuenea kwenye kijiko.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mambo haya:

Umwite Mama arudi Kasaji. Useme kifua chako kimezidi, hata kama hakijazidi, mimi sitakusahihisha. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba tangu aondoke unapika mwenyewe na chungu kimeungua mara mbili. Si vizuri mzee akae peke yake na chungu.

Kama hatakubali, basi naomba ruhusa ya kujenga ukuta wa mbao katikati ya sebule, kama nilivyoweka kioo kwa samaki. Nusu ya kiti iwe upande wake na nusu upande wangu.

Kama na hilo halitakubaliwa, baraza la ukoo likae na linitangaze mimi mpangaji ndani ya nyumba yangu, nipewe haki za mpangaji, ikiwemo haki ya kumlalamikia mwenye nyumba, ambaye atakuwa Mama.

Na kama hata hilo ni zito, basi nitahama mimi. Stoo ya kazini ina kona yenye dirisha. Micheline anasema Mama akiondoka naye ataondoka, na Mignonne anasema mama yake akiondoka naye ataondoka. Nimepiga hesabu, nikaona kwamba kuhama mtu mmoja ni rahisi kuliko kuhama watatu. Samaki sijawauliza, kwa sababu jibu lao nalijua.

Nisamehe kama kuna neno limepita mpaka. Nakuandikia kama mtoto anavyomwandikia baba. Nisalimie majirani wa stesheni, yule mwalimu mwenye baiskeli ya kijani, shangazi Ndaya, kuku na mbwa. Micheline anakusalimu. Mignonne anakusalimu na pengo lake. Mama hajui kwamba nimeandika, kwa hiyo salamu zake sikutumii.

Mkwe wako mwenye haya, wa kweli na wa kudumu,

Edouard Kalumba

P.S. Jumatatu. Lori la Samy liliharibika springi na barua bado iko mezani kwangu, kwa hiyo naongeza.

Jana Micheline na Mignonne walikwenda misa. Mimi nilibaki na mafua, Mama alibaki na maharage motoni. Katikati ya asubuhi umeme ukakatika, na kabla sijainuka pampu ya hewa ikanyamaza. Samaki wakubwa namna hii hawastahimili, Tata. Nikawaona kupitia kioo cha chumba cha kulia wakipanda juu wote watatu, midomo wazi. Mfuniko uko upande wa sebule, na sebuleni yuko Mama. Nilisimama mlangoni nikiwa nimegeuza uso, na miguu yangu ilikataa kwenda mbele. Miaka yote ya heshima ilikuwa imeishika.

Ndipo nikamsikia. Hakuniita mimi. Alisema: “Kapita, muambie baba ya Mignonne, mi najifunika kitenge kwa kichwa. Sioni kitu. Aingie, muko mnakufa.”

Nikaingia. Alikuwa amesimama na kitenge mpaka mabegani, kikombe mkononi, akichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, maana aliwahi kuniona nikifanya hivyo usiku mmoja, yeye akiwa chumba cha kulia, kupitia maji. Nikachukua sufuria. Tukachota, tukamwaga. Yeye hakuwa anaona, kwa hiyo maji mengi aliyamwagia kichwani kwangu, na mimi sikuweza kumwambia kwa sababu sisemi naye. Nikamwambia Pasta. Pasta alikuwa na shida zake. Mwisho Mama akavua kitenge, akanitazama mimi niliyelowa mpaka viatu, nami nikamtazama. Ana baka dogo la kuzaliwa juu ya jicho la kushoto. Micheline analo hilo hilo, na mimi sikujua kwamba limetoka kwake. Hatukuacha kuchota. Maharage yaliungua. Umeme uliporudi, samaki wakashuka chini, kila mmoja kwenye kona yake, wote watatu wazima.

Tukakaa. Yeye kwenye kiti changu, mimi sakafuni. Tulikaa hivyo mpaka wale wa misa waliporudi, na Micheline akaangusha kitabu cha nyimbo alipotuona.

Kwa hiyo, Tata Mkwe, namba 1 mpaka 7 uzisome kama kazi ya mtu mwenye mafua. Pamoja na barua hii Samy anakuletea mbuzi, dume, mweusi, mwenye doa jeupe, na kamba ni mpya. Usimchinje huko. Panda lori hilo hilo, rudi naye, tumle hapa wote. Umeme hukatika mara kwa mara, na mikono minne haitoshi kwa samaki watatu.

Mama anakusalimu. Anasema, kwa mdomo wake mwenyewe na bila kupitia samaki, uje na viti viwili vya mninga, cha kwake na cha kwako.